Barua kwa Mhariri: Clarkson Stanfield hakuwa mchora mapazia "tu"

Ndugu Mhariri, salaam na pole na majukumu.

Nawaandikia kuhusu ile makala ya ukurasa wenu wa sanaa iliyohusu wachoraji wa bahari wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Kwa sehemu kubwa makala ilikuwa nzuri, Turner, yule mchoraji mashuhuri wa bahari, alipewa haki yake na sina ugomvi na hilo, ila kuna sentensi moja imenikaa kooni mpaka leo, ile iliyosema Clarkson Stanfield alikuwa mchora mapazia ya maigizo tu ambaye baadae akaingia kwenye sanaa ya kweli. Basi, sentensi moja, mtu kaisha hapo! Mtu aliyejua meli kuliko karibu kila mchoraji wa London wa wakati wake, mtu ambaye mfalme mwenyewe alimwagiza picha, rafiki wa karibu wa mwandishi Charles Dickens kwa miaka mingi, kapewa sentensi moja alafu yenyewe ya kumshusha.

Na mimi niseme mapema kwanini inaniuma. Nimefanya kazi ya kupaka mapazia ya jukwaani kwa miaka mingi na bado naifanya, kwahiyo najua neno "tu" likiwekwa pale linamaanisha nini. Lakini sitetei kazi yangu hapa, namtetea Stanfield, manake maisha yake ukiyafuata vizuri unaona kwamba hiyo sanaa inayoitwa ya kweli aliipata kwa kupitia jukwaa na kwa kupitia meli, na ukiviondoa hivyo viwili Stanfield mwenyewe hayupo.

Tuanze na baba yake, hapa kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa na sijui kwanini. Stanfield alizaliwa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, tarehe 3 Desemba 1793. Baba yake alikuwa James Field Stanfield, mzaliwa wa Ireland, mwigizaji wa kuzunguka mji hadi mji, lakini kabla ya uigizaji alikuwa baharia, na sio baharia wa meli yoyote tu, alisafiri kwenye meli ya biashara ya watumwa kutoka Liverpool miaka ya 1770, akaenda pwani ya Benin huko Afrika Magharibi na kuvuka bahari hadi Jamaika. Aliyoyaona kule hakuyanyamazia. Mwaka 1788 alichapisha ushahidi wake kwa njia ya barua alizomwandikia Thomas Clarkson, yule mpiganaji mkubwa wa kufuta biashara ya utumwa, akaeleza jinsi mabaharia walivyokuwa wanapigwa na kufa kama nzi na jinsi watu waliofungwa kule chini ya meli walivyokuwa wanateswa, na mwaka uliofuata akatoa shairi refu kuhusu safari hiyohiyo. Mjue kwamba mashahidi wengi waliokuwa wanasikilizwa wakati ule walikuwa manahodha na wafanyabiashara, watu wenye faida yao ya kulinda, sasa huyu alikuwa baharia wa kawaida anayeongea alichokiona kwa macho yake. Mtoto wa kiume alipozaliwa miaka michache baadae akampa jina la Clarkson, jina la huyo Thomas Clarkson.

Hapo naomba mrekebishe kitu kingine. Makala ilimwita William Clarkson Stanfield. Hilo la William limezagaa kwenye katalogi nyingi za zamani na kwenye minada hadi leo, lakini watafiti wa maisha yake wameshasema ni makosa, jina lake ni Clarkson, basi. Na kwa jina lenye historia kama hiyo nadhani haifai kulisukuma nyuma ya William ambaye hakuwepo.

Mama yake, Mary Hoad, naye alikuwa mwigizaji na mchoraji, na inaaminika ndiye aliyemfundisha mtoto kushika brashi. Alifariki mwaka 1801, kijana hajafika hata miaka 8. Mwaka 1806 akapelekwa Edinburgh kujifunza kazi kwa fundi wa kupaka nembo kwenye magari ya farasi ya matajiri. Hiyo kazi watu wanaipita haraka wakisimulia maisha yake, mi nasema isipitwe, manake kupaka nembo ya ukoo kwenye mlango wa gari kunataka mkono usiotetemeka na mstari mmoja unaopita bila kurudiwa, na ukiangalia kamba za meli kwenye picha zake za baadae, zile kamba nyembamba zinazotoka kileleni mwa mlingoti hadi ubavuni, utaona mkono ule ule.

Lakini Edinburgh hakukaa sana. Mwaka 1808, akiwa na miaka 14, alikuwa ameshaingia kwenye meli ya biashara, na mwaka huohuo akakamatwa na kuingizwa jeshi la majini kwa nguvu. Wakati ule Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon na manowari zilikuwa hazitoshi watu, kwahiyo vikosi vya kukamata vilikuwa vinaingia bandarini na kwenye meli za biashara na kuchukua mabaharia wanaowataka, utake usitake. Bunge lao lilikuwa limepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, mwaka mmoja tu kabla. Silinganishi mambo hayo mawili, hayalingani hata kidogo, baharia aliyekamatwa alikuwa na mshahara na siku moja alirudi kwao, lakini siwezi kuacha kuona kwamba kijana aliyepewa jina la mtetezi wa uhuru alichukuliwa bila ridhaa yake na taifa lake mwenyewe kabla hajaanza hata kunyoa ndevu.

Akawekwa kwenye manowari ya Namur, iliyokuwa imetia nanga Sheerness, mlangoni mwa mto Thames, akatumika kwa jina la kubuni la Roderick Bland. Namur ilikuwa meli kuukuu ya ulinzi wa bandari, haikuwa ya kwenda vitani tena, na kwa kipindi fulani nahodha wake alikuwa Charles Austen, ndugu wa mwandishi Jane Austen. Humo ndani mabaharia walikuwa wanafanya maigizo ya kujiburudisha na Stanfield ndiye aliyekuwa anachora mandhari. Na kati ya vijana wa ile meli kulikuwa na mtoto mdogo anaitwa Douglas Jerrold, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa tamthilia, na miaka mingi baadae hawa wawili wakakutana tena ndani ya ukumbi wa maigizo wa Drury Lane, London, mmoja kaleta tamthilia, mwingine ndo mchoraji wa jukwaa. Kwahiyo mnaona, hata huko baharini jukwaa lilikuwepo. Mtu anayesema alikuwa wa mapazia kwanza alafu bahari baadae hajausoma mpangilio wa maisha yake.

Mwaka 1814 alianguka akaumia na jeshi likamwachia. Akapanda meli ya biashara inayoitwa Warley, akaenda hadi China mwaka 1815. Kwa hiyo kabla hajauza picha hata moja alikuwa ameshapanda milingoti na ameshafunga matanga upepo ukivuma kweli, ameshaona bahari kubwa ya wazi na bahari fupi ya pwani, anajua meli inavyolala upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, ikizidiwa na anajua kamba gani inakaza na gani inalegea wakati huo. Aliporudi akaajiriwa kama mchora mandhari kwenye ukumbi wa Royalty mashariki mwa London, sehemu ya mabaharia kabisa. Hebu fikirieni mtihani huo. Waliokuwa wamekaa mbele yake ni watu walioshuka melini jana yake, ukichora foromali, ule mti unaoshika tanga, vibaya wanakuzomea hapohapo.

Sasa naomba nieleze kidogo kazi yenyewe ya pazia, kwasababu naamini aliyeandika ile sentensi hajawahi kusimama mbele ya turubai la ukubwa ule. Rangi ya jukwaani ya wakati ule haikuwa ya mafuta. Unachemsha gundi ya ngozi za wanyama mpaka iwe nyepesi, unachukua rangi ya unga uliyoilowesha kwa maji, unachanganya na gundi hiyo ikiwa bado ya moto, na unafanya kazi kabla haijapoa na kuganda kama uji. Gundi ikizidi turubai linakakamaa na rangi inapasuka likikunjwa, gundi ikipungua rangi yote inadondoka kama vumbi siku pazia linaposhushwa. Na tabu kubwa kuliko zote, rangi hiyo ikiwa mbichi ni nyeusi zaidi kuliko itakavyokuwa ikikauka, yani ile bluu nzito ya bahari unayoiona mbele yako sasa hivi kesho asubuhi itakuwa bluu ya mbali iliyopauka, kwahiyo huchori unachokiona, unachora kitakachokuwepo kesho. Turubai limewambwa kwenye fremu kubwa kama ukuta wa nyumba, wewe uko hatua moja kutoka kwake na unachokiona ni mabaka matupu, na mtazamaji wako atakaa mita 30 au 40 nyuma, gizani, huku pazia linapigwa na taa za gesi. Bluu na kijani chini ya taa ya gesi zinabadilika tabia kabisa. Ukishindwa kubeba picha nzima kichwani huwezi kazi hii hata siku moja.

Stanfield aliifanya kwa namna ambayo London ilikuwa haijaiona. Mwishoni mwa 1822 aliingia Drury Lane, ukumbi unaochukua watu kama 3,000, yeye na rafiki yake David Roberts kutoka Scotland, ambaye naye alikuja kuwa mchoraji mkubwa, na wote wawili walikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Wasanii wa Uingereza mwaka 1823. Pale Drury Lane alikaa hadi 1834. Kilichomtangaza zaidi ni zile picha ndefu za kutembea walizokuwa wanaziita diorama, turubai refu sana limeviringishwa kwenye magogo mawili ya kusimama, moja kila upande wa jukwaa, wafanyakazi wanazungusha na picha inapita taratibu mbele ya watu kama vile wenyewe wako ndani ya boti wanapita pwani. Krismasi ya 1823 aliwaonyesha ukuta wa kuvunja mawimbi wa Plymouth, kazi kubwa ya uhandisi ya wakati ule. Krismasi ya 1831 akawapa Venice na visiwa vyake. Watu waliingia kwa ajili ya mchezo wa vichekesho wa sikukuu wakatoka wanazungumzia picha. Magazeti yakawa yanahakiki kazi ya mchoraji wa jukwaa kama yanavyohakiki maonyesho ya Royal Academy, chama cha kifalme cha wasanii, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo.

Na hizo kazi ziko wapi? Hakuna. Rangi ya gundi inaoshwa kwa maji. Msimu ukiisha turubai linashushwa, linaoshwa au linapakwa juu yake kitu kingine, msitu, jumba la mfalme, chochote ambacho tamthilia inayofuata inataka, kwasababu turubai ni ghali na mwenye ukumbi hana sababu ya kutunza bahari ya mwaka jana. Hapa ndo msingi wa barua yangu, Mhariri. Tunampima Stanfield kwa picha za mafuta zilizobaki ukutani, wakati kipande kikubwa cha kazi yake, pengine kilichokuwa bora kuliko vyote, kilionwa na maelfu ya watu kila usiku alafu kikaoshwa. Walioishi wakati wake walijua wanampima kwa vyote viwili. Sisi tumebaki na nusu, na hiyo nusu nyingine tunaitupa kwa neno "tu".

Huku kwenye picha za mafuta mambo yalikwenda haraka. Alianza kuonyesha Royal Academy mwaka 1820. Picha yake ya mwaka 1830 ya Mlima wa Mtakatifu Michael wa Cornwall ilimpendeza sana Mfalme William IV, na huyu William alikuwa amekulia jeshi la majini, anajua meli, akamwagiza picha mbili, moja ya bandari ya Portsmouth na nyingine ya ufunguzi wa daraja jipya la London. Mwaka 1832 akachaguliwa mwanachama mshiriki wa Royal Academy, 1835 mwanachama kamili. Lord Lansdowne akamwagiza mfululizo wa picha za Venice kwa ajili ya jumba lake la Bowood. Na kuna habari iliyoandikwa na gazeti moja mwaka 1833 kwamba Turner aliposikia Stanfield anachora Venice kwa ajili ya maonyesho ya mwaka ule, naye akachora Venice yake kwa siku mbili tatu tu ili picha zao zitundikwe pamoja. Iwe kweli yote au imetiwa chumvi kidogo, watu waliona inaaminika, yani waliona Stanfield ni mtu ambaye Turner anaweza kushindana naye.

Kuhusu hilo la Turner naomba nikae kidogo kwa mfano wa picha mbili. Wote wawili walichora vita ya Trafalgar, ile ya baharini ya mwaka 1805 ambayo Uingereza ilishinda lakini admeri wake Nelson akauawa. Ya Turner, ya mwaka 1824, iliagizwa na Mfalme George IV, ni picha kubwa na ina nguvu ya kutisha, lakini mabaharia waliilalamikia sana, kamba hazijakaa sawa, na matukio ya saa tofauti za vita yamerundikwa pamoja kama vile yametokea dakika moja, na maofisa walikuwa wanaenda kumsumbua wakati anaimalizia, kila mmoja na marekebisho yake. Ya Stanfield ilionyeshwa mwaka 1836 na iliagizwa na United Service Club ya Pall Mall, klabu ya maofisa wa jeshi wenyewe, na baadhi yao walikuwa wameshapigana vita ya Napoleon. Alichagua kipindi kimoja cha mchana ule akakifanyia utafiti, meli gani iko wapi, mlingoti upi umeshaanguka, upepo ni mdogo kiasi gani na wimbi la chini linatoka wapi. Ukiiangalia utaona vile vipande vya milingoti na matanga vilivyolala majini, matanga yamelowa na kushika maji, yanavuta meli upande mmoja, baharia yeyote anajua hilo ni tatizo kubwa kuliko matundu ya mizinga. Sisemi ni picha kubwa kuliko ya Turner. Nasema imeona vitu ambavyo Turner hakuviona au hakuvijali, na kwa wale watu vitu hivyo vilikuwa maisha yao. Mwaka 1853 akarudi kwenye mkasa huohuo, akachora manowari ya Victory ikivutwa kuingizwa Gibraltar baada ya vita, mwili wa Nelson ukiwa ndani. Meli iliyoshinda, lakini haiwezi kutembea yenyewe. Hiyo alimchorea tajiri wa ujenzi wa reli, Samuel Morton Peto.

Ila kwa moyo wangu mimi chukua picha ndogo zaidi, ile ya On the Dogger Bank ya mwaka 1846, iko jumba la makumbusho la Victoria and Albert pale London. Dogger Bank ni fungu la mchanga katikati ya Bahari ya Kaskazini, kuna sehemu kina chake ni mita kama 15 tu, na maji yakiwa na kina kifupi hivyo wimbi halipati nafasi ya kujinyoosha, linakuwa fupi, limesimama wima, linapiga kabla boti haijainuka kutoka lile la kwanza. Wavuvi wanalijua na wanaliogopa. Mtu aliyejifunza bahari kwa kukaa ufukweni na daftari anachora mawimbi yote ya aina moja, yale marefu mazuri. Stanfield alizaliwa pembeni mwa bahari hiyo na alianza ubaharia hukohuko, na wimbi lake la Dogger Bank ni la Dogger Bank, sio la Ghuba ya Naples.

John Ruskin, mhakiki wa sanaa ambaye hakuwa mtu wa kusifia ovyo, aliandika mwaka 1843 kwamba Stanfield ndiye kiongozi wa wachoraji wa uhalisia wa Uingereza na kwamba picha yake moja ina elimu ya bahari na mbingu ambayo ingewatosha wale mabingwa wa zamani maisha yao yote. Lakini Ruskin huyohuyo alitamani asiwe fundi sana, atishe zaidi. Hapo nakubaliana naye na sioni haja ya kuficha. Kuna picha za Stanfield ambazo mawimbi yana adabu mno, kila povu limekaa mahali pake, mwanga unaangukia palepale ungetaka uangukie, na unahisi kabisa jicho la mtu wa jukwaani anayepanga ili hata aliyekaa siti ya mwisho aone. Kwa picha moja jicho hilo linapunguza furaha kidogo. Kwa picha nyingine, kama The Abandoned ya 1856, meli imevunjika milingoti yote, hakuna mtu hata mmoja juu yake, inazungushwa tu na bahari iliyochafuka, jicho hilohilo la jukwaani ndilo linalokuua, kwasababu anajua kuliacha jukwaa bila mwigizaji.

Na jukwaa hakuliacha moja kwa moja, hilo nalo makala imekosea. Baada ya 1834, akiwa tayari mwanachama wa Royal Academy na hana shida ya hela, mwigizaji Macready alipomwomba alirudi, mwaka 1839 akamchorea diorama ya tamthilia ya Henry V kwenye ukumbi wa Covent Garden, na 1842 akatengeneza mandhari ya pwani ya Sicily kwa ajili ya mchezo wa kuimba wa Acis and Galatea ambapo bahari ilionekana kuvunjika ufukweni na watu wakashangilia. Alafu kuna Dickens. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, Dickens alikuwa anamwita Stanny, mwaka 1842 walizunguka Cornwall pamoja na John Forster na Daniel Maclise, na Dickens alimtabarukia riwaya yake ya Little Dorrit. Dickens alipoanza kuigiza tamthilia za Wilkie Collins nyumbani kwake Tavistock House, Stanfield ndiye aliyechora mapazia, ya The Lighthouse mwaka 1855 na ya The Frozen Deep mwaka 1857. Mzee wa miaka zaidi ya 60, msanii mwenye jina, yuko kwenye chumba cha rafiki yake anapaka mnara wa taa wa Eddystone kwenye pazia kwa ajili ya onyesho la nyumbani. Hilo pazia lilipona kwasababu Dickens alilitunza, akalitundika nyumbani kwake Gad's Hill, na baada ya kifo chake mwaka 1870 likauzwa kwa karibu gini 1,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo. Pazia, Mhariri. La mchora mapazia tu.

Hakuwa mtu wa kumfuata rafiki kwenye kila kitu pia. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, na Dickens alipomtaka achore picha za kitabu chake cha safari za Italia mwaka 1846, Stanfield aliona Kanisa lake linasemwa vibaya mle ndani akakataa, kazi ikaenda kwa Samuel Palmer. Urafiki haukufa kwa hilo. Na alipokuwa anaumwa mwaka 1867 alimwomba Dickens apatane na rafiki yake wa zamani Mark Lemon, mhariri wa jarida la vichekesho la Punch, waliokuwa wamegombana kwa karibu miaka 10 kutokana na mambo ya ndoa ya Dickens kuvunjika. Alifariki tarehe 18 Mei 1867 upande wa Hampstead, London, akazikwa makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green, na siku ya maziko hao wawili wakapeana mikono. Miaka mitatu baadae Royal Academy ilionyesha kazi zake kwenye maonyesho yake ya kwanza ya majira ya baridi, pembeni ya mabingwa wa zamani. Baada ya hapo jina likaanza kufifia, ladha zikabadilika, watu wakataka bahari isiyo na kamba wala foromali, na ilibidi hadi 1979 ndipo makumbusho ya huko kwao kaskazini mashariki yakamfanyia onyesho kubwa la kumrudisha.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Kwanza mrekebishe jina na mrekebishe ile sentensi, mkitaka kusema alichora mapazia semeni aliyachora vipi na nani walikuja kuyaona. Pili, mkiandika tena kuhusu wachoraji wa bahari msiishie kwa Turner, na mkipata nafasi ya kuweka picha moja tu ya Stanfield msiweke Trafalgar, kila mtu huweka Trafalgar, na ikichapwa ndogo gazetini haionyeshi kitu zaidi ya moshi. Wekeni ile ya Dogger Bank, kwa upana wa ukurasa mzima, na aliyeandika makala aiangalie vizuri kabla hajaandika maelezo ya chini yake.

Wako,
Msomaji wenu, mpaka rangi wa mapazia